Kitonga kwa Programu Tatu

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, kabla foleni ya Kimara haijakaza. Nyuma ya Hilux tulikuwa tumefunga mashine ya kusaga nafaka na mota yake, mzigo wa mjomba wangu wa Ilula. Pembeni yangu alikaa fundi, mwenyeji wa Iringa, na mapajani ameshika kifaa kidogo chenye kioo na waya mmoja. Humo zilihifadhiwa programu tatu za injini: ya kiwandani, ya mzigo na ya mbio. Nimeendesha dizeli kwa miaka mingi, lakini hii ilikuwa safari yangu ya kwanza na gari linaloweza kubadilishwa tabia njiani. Nilitaka kujua ipi inafaa wapi.

Mpaka Chalinze tulitumia ya kiwandani. Injini hii ya 1GD-FTV, lita 2.8, ilitoka Toyota na kilowati 130, na kwa gari la otomatiki kama hili nguvu yake ya kuzungusha ni nyutonimita 450. Kati ya Kibaha na Mlandizi, penye matuta, vibao vya 50 na trafiki, sikuona mahali nguvu hiyo ilipopungua.

Njiani fundi alinieleza kinachobadilishwa. Injini ya petroli hubanwa hewa ili isikimbie. Ya dizeli hutawaliwa zaidi na kiasi cha mafuta kinachopulizwa na nozeli. Kontroli boksi ina majedwali: kwa mzunguko huu, na mguu ukikanyaga hivi, puliza mafuta kiasi hiki, kwa shinikizo hili, na turbo isukume hewa kiasi hiki. Anayeandika programu mpya hagusi chuma. Anabadilisha namba za majedwali hayo, pamoja na namba za ukomo: mafuta yasizidi hewa iliyopo, na nguvu isizidi uwezo wa gia.

Chalinze tulisimama tukanywa chai, kisha fundi akachomeka waya kwenye tundu lililo chini ya usukani. Injini ilizimwa, swichi ikabaki imewashwa, taa na feni tukazizima ili betri isilegee. "Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mdogo wangu, boksi linaweza kufa hapa hapa," alisema. Tulikaa kimya hadi kioo kikaonyesha kazi imekwisha.

Ya mbio ilijitambulisha mara moja. Kuelekea Morogoro, mguso mdogo wa pedeli ulitosha kulipita semi-trela kabla ya kona inayofuata, na nakiri raha yake ni kubwa. Lakini kwenye kioo cha nyuma niliona pia wingu jeusi kila nilipokanyaga ghafla: mafuta yametangulia, hewa ya turbo bado inakuja. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi raha hiyo haikuwa na kazi. Barabara inakata katikati ya wanyama, mwendo umewekewa ukomo, na anayemgonga mnyama hulipa faini kulingana na aina yake. Pale dereva mwema ni yule anayetambaa.

Jibu la kwanza nililipata kwenye vilima vya Iyovi. Fundi alikuwa amefunga geji ya joto la moshi kwenye eksozi, kabla ya turbo. Kwenye tambarare sindano haikuwa na wasiwasi. Tulipoanza kupanda na ile mashine mgongoni, ilivuka 600 na kuendelea kuifuata 700, huku gari likipanda kama halina kitu. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni hazifiki huko haraka kwa sababu zinapozwa kwa oili inayorushwa chini yake, lakini kupozwa huko kuna kikomo. Kulipita lori ni suala la sekunde. Mlima ni suala la dakika, na joto huua kwa dakika. "Punguza mguu, usimame pazuri," fundi aliniambia. Nikapunguza, sindano ikashuka.

Ruaha Mbuyuni, kati ya wauza vitunguu na mibuyu, tuliiacha injini iungurume taratibu kwanza ili turbo ipoe, ndipo tukazima na kuandika programu ya mzigo. Hii huongeza nguvu kidogo tu, tena kwenye mizunguko ya chini, na haivuki ukomo wa moshi. Kwayo tuliupanda mlima Kitonga. Mwamba upande mmoja, bonde upande wa pili, na mbele yetu malori ya Zambia na Kongo yakivuta hatua kwa hatua. Kuyapita pale ni kutafuta kifo, kwa hiyo farasi wote wa programu ya mbio wangekaa bure. Tulichohitaji ni kuvuta polepole bila gia kuhangaika, na hicho tulikipata, sindano ikiwa imetulia.

Ilula tulishusha mashine. Kutoka hapo hadi Iringa, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kutoa shinikizo lile lile. Programu iliyopimwa Dar bila kuachiwa nafasi huimaliza turbo huku juu. Kwa gari tupu tulirudisha ya kiwandani, nayo ilitosha kabisa.

Hukumu yangu ni hii: ya mzigo ina thamani yake kwa anayebeba na kupanda, ya mbio, kwa barabara zetu, haina kazi. Ndugu msomaji, kabla hujamkabidhi fundi gari lako, mdai programu ya kiwandani ihifadhiwe kwanza, funga geji ya joto la moshi, na usikubali chujio la masizi ling'olewe. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani, na wanaouvuta kwanza ni watembea kwa miguu na bodaboda walio nyuma yako.