Siku Tatu Kambini kwa Wanaojiita Wachawi



Katika vijiji vyetu hakuna mtu anayejiita mchawi. Jina hilo mtu hubandikwa na wengine, na mara nyingi hubandikwa mama mzee asiye na wa kumtetea. Lakini huko Uingereza wapo watu wanaosema mchana kweupe, bila wasiwasi, "Mimi ni mchawi." Wana sikukuu zao na viongozi wao, na majira ya joto yakifika hupiga mahema shambani pamoja na watoto wao kwa siku mbili tatu.

Mwezi wa Agosti 2022 tulikwenda kwenye kambi moja ya namna hiyo katika jimbo la Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Hatukwenda kutalii wala kuabudu. Mwenzetu mmoja katika kikundi cha akina mama wa usharika wetu, mzaliwa wa Shinyanga, alikuwa na binti wa miaka 20 aliyeacha kanisa na kujiunga na watu hao. Kwa miezi saba mama na mwana hawakuzungumza ila kwa ujumbe mfupi wa simu. Ndipo binti alipomwandikia mama yake: ukitaka kujua ninavyoishi, njoo uone. Mama akatuomba sisi wawili tumsindikize. Tulishauriana na waume zetu, tukaomba, tukafunga safari na chupa kubwa ya chai.

Mawe ya Avebury

Njiani tulipitia Avebury, kijiji ambacho watu wa kambi ile hukiheshimu sana. Mawe makubwa yamesimamishwa kwa duara, na duara la nje lina upana wa zaidi ya mita 300, hata barabara, nyumba na kilabu cha pombe vimo ndani yake. Mawe hayo yalisimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kabla ya Mfalme Daudi kuzaliwa. Mtu huruhusiwa kuyagusa, na kondoo hulala kivulini mwake. Kando kidogo lipo kanisa la Mtakatifu Yakobo, ambalo sehemu zake zilijengwa kabla ya mwaka 1066. Mwaka 1986 Avebury, pamoja na mawe ya Stonehenge, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mwezi wa Julai joto lilikuwa limepita nyuzi 40, jambo ambalo halijapata kupimwa Uingereza. Nyasi zote zilikuwa za rangi ya kahawia. Mwenzetu alizitazama akasema, "Kama Shinyanga mwezi wa Septemba." Ndiyo maneno pekee aliyosema mpaka tulipofika.

Dini hii ilianzia wapi?

Wengi hudhani kwamba dini hii, inayoitwa Wika, imerithiwa moja kwa moja kutoka kwa waliosimamisha mawe yale. Sivyo. Waliyasimamisha watu wasioandika, na hakuna ajuaye sala zao. Wika ni changa kuliko bibi zetu wengi. Aliyeitangaza ni Gerald Gardner, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1884 na kufanya kazi miaka mingi katika Asia, akiwa mwisho ofisa wa forodha huko Malaya. Alirudi kwao mwaka 1936, na baadaye akadai kwamba mwaka 1939 aliingizwa katika kikundi cha wachawi karibu na msitu wa New Forest. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilipofutwa mwaka 1951, alianza kusema waziwazi, na mwaka 1954 akatoa kitabu. Alifariki safarini melini mwaka 1964 akazikwa Tunis, katika bara letu la Afrika. Mwanahistoria Ronald Hutton aliichunguza habari hii kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 1999, naye alionyesha kwamba Wika ni dini ya karne ya 20, ingawa imekusanya vipande vya mambo ya kale.

Katika sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales, watu wapatao 74,000 walijiandika kuwa wapagani, na wengine wapatao 13,000 wakajiandika kuwa wafuasi wa Wika. Hao ni wachache. Jambo kubwa zaidi kwetu wazazi ni kwamba mwaka huohuo, kwa mara ya kwanza, waliojiandika kuwa Wakristo walipungua chini ya nusu ya watu wote.

Tuliyoyaona kambini

Tulifika Ijumaa jioni. Tulikuwa tumejiandaa kuona mambo ya kutisha. Tulichokiona ni mahema mia moja hivi, vyoo vya plastiki, mbwa, watoto waliopakwa rangi usoni, na foleni ya watu wenye vikombe mkononi wakingoja maji yachemke. Ubaoni waliandika masharti: watoto wakae na wazazi wao, asipigwe mtu picha bila ruhusa, na moto usiwashwe, kwa maana mwenye shamba alikuwa ameukataza kwa sababu ya ukame. Usiku waliwasha mishumaa ndani ya chupa.

Binti tulimkuta jikoni akimenya viazi, amejivika kilemba cha mashuke ya ngano. Alipotuona alifuta mikono, akapiga goti kidogo. "Shikamooni, mama wadogo." Tukaitika, "Marahaba." Kisha akamgeukia mama yake akamwamkia. Mama aliitikia kwa sauti ndogo, akatwaa kisu kingine, akaketi kumenya viazi.

Jumamosi tulizunguka. Hema moja walifundisha kusuka vikapu, jingine majani ya dawa, na jingine mzungu mmoja mwenye ndevu nyingi alitufundisha kupiga ngoma, tukacheka mpaka machozi. Palikuwa pia na meza za kuagulia karata, hapo hatukukaa. Kila tuliyemuuliza kazi yake alikuwa mtu wa kawaida: muuguzi, fundi bomba, mwalimu, mhasibu. Tuliona pia arusi. Bwana na bibi waliunganishwa mikono kwa utepe, kisha wakaruka ufagio. Sisi husema "kufunga pingu za maisha" kwa mdomo tu, wao walifunga kweli. Hata hivyo sheria ya Uingereza haiitambui arusi hiyo peke yake. Inawapasa kwenda pia kwa msajili.

Mhasibu yule, mama wa watoto watatu, ndiye aliyekuwa kiongozi wa ibada. Tulimuuliza pasipo kuficha kama wanamwabudu shetani. Alijibu kwamba hawamwamini hata kuwapo. Wanamwomba mungu mwanamume na mungu mwanamke, na miongo ya mwaka na mwezi kwao ni mitakatifu. Tukamuuliza kama wanaroga. Alisema wengi wao huamini kwamba ubaya anaomtendea mtu mwingine humrudia mtendaji mara tatu, kwa hiyo hakuna faida ya kumdhuru mtu. Nasi tulimweleza kwamba sisi tuna Mungu mmoja, aliyeumba mwezi na ngano, na kwa sababu hiyo hatutaingia katika duara lao. Hakukasirika. Alituonyesha mahali pa kukaa.

Usiku wa mkate

Sikukuu yao ya mwanzo wa Agosti huitwa Lammas. Jina hili limetoka kanisani. Kwa Kiingereza cha zamani maana yake ni misa ya mkate, kwa kuwa Wakristo wa Uingereza walikuwa wakipeleka kanisani mkate wa kwanza wa ngano mpya, kama sisi tunavyopeleka mahindi na kuku siku ya mavuno.

Jua lilipozama walisimama kwa duara. Mmoja alizunguka na ufagio, mwingine na ubani, mwingine na maji yenye chumvi. Wakageukia mashariki, kusini, magharibi na kaskazini, wakitaja upepo, moto, maji na udongo. Mkate uliookwa kwa umbo la mtu ukamegwa, ukapita mkono kwa mkono pamoja na kikombe. Sisi watatu tulikaa nje ya duara, kila mmoja akiomba kimya kwa Bwana wake.

Neno la binti

Baada ya ibada binti alikuja kukaa nasi. Mama yake akamuuliza swali alilolibeba miezi saba: "Mwanangu, kanisani tulikukosea nini hata ukajiita mchawi?"

Binti alikaa kimya kwanza. Kisha akasema, "Mama, unamkumbuka yule mhubiri mgeni aliyekuja nyumbani? Alisema shida zetu za kazi na za vibali zinatoka kwa bibi. Mkafunga siku tatu mkiomba mchawi aanguke."

"Mimi sikumwombea mama yangu afe."

"Lakini uliitika amina."

Yafaa tueleze. Bibi huyo ndiye aliyemlea binti mpaka alipofika miaka minane. Macho yake yalikuwa mekundu, kama yalivyo ya wazee wengi walioishi miaka yao yote wakipika kwa kuni na samadi ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Kijijini watu walianza kumnong'onea, kisha usiku mmoja wakarusha mawe kwenye paa lake. Mwanawe alimhamishia Mwanza kabla jambo baya zaidi halijatokea. Habari hizo binti alizipata kwa simu ya binamu yake, wiki ileile ya mfungo.

"Bibi alinibeba mgongoni," alisema. "Kama yeye ni mchawi, basi na mimi ni mchawi. Hapa angalau neno hilo halimwui mtu."

Mama alilia. Sisi hatukuwa na la kusema, tukamimina chai.

Asubuhi ya Jumapili, baada ya kuomba hemani kwetu, tuliwaona wawili hao wamekaa kwenye nyasi, simu katikati yao. Walikuwa wamempigia bibi. Kwa Mwanza ilikuwa yapata saa tano, naye alikuwa ametoka ibada ya kwanza. Hakuuliza habari za kambi wala za dini. Alimuuliza mjukuu wake kama amekula.

Jina moja, mambo mawili

Tulirudi nyumbani tukilifikiri neno hili. Wale wa Wiltshire wamelichagua wenyewe, na Jumatatu wanarudi ofisini salama. Kwetu neno hilohilo ni hukumu. Mwaka 2008 huko Kisii, nchini Kenya, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wakiwa wanawake wazee. Oktoba 2021 huko Kisii tena, wanawake wazee wanne waliuawa. Usukumani, hadithi ya macho mekundu imewagharimu bibi wengi maisha yao. Hakuna hata mmoja wao aliyesimama kwa duara shambani. Wengi walikuwa washirika wa makanisa yetu.

Uingereza nayo ilipita huko. Karne ya 16 na ya 17 wanawake walinyongwa kwa tuhuma hizohizo, na wahubiri walisimama kando na Biblia mkononi. Vijana wengi wanaojiita wachawi leo husema wamelitwaa jina hilo kwa ajili ya wanawake wale. Dini yao hatuikubali, lakini uchungu huo tunauelewa.

Akina mama wenzetu, tufanye nini?

Kwanza, tusikilize kabla ya kukemea. Paulo alipofika Athene alitembea mjini akaziangalia madhabahu zao kabla hajahubiri, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 17. Mama anayemfukuza mtoto nyumbani amejifungia mlango wa kumhubiria.

Pili, tusifiche imani yetu. Maandiko yanakataza kuagua na kuroga, nasi hatuoni haya kusema hivyo. Binti yule alitwambia kwamba alituheshimu zaidi kwa kukaa nje ya duara kuliko kama tungeingia kwa adabu ya ugeni.

Tatu, tuyalinde maombi yetu. Mgeni akija nyumbani mwako akamtaja mama mkwe, shangazi au jirani kuwa ndiye chanzo cha shida zako, mkatalie mbele ya watoto, wasikie. Watoto husikiliza tunapoitika amina.

Nne, tuangalie macho ya wazee wetu. Mengi yanahitaji daktari na jiko lisilo na moshi. Kikundi chetu kilichanga mwaka uleule wa 2022, bibi wa Mwanza akapata jiko la gesi na miwani.

Binti hajarudi kanisani, nasi hatuwezi kuwadanganya wasomaji. Lakini kila Jumapili mchana huja kwa mama yake kula ugali, na kabla ya kula mama husali kwa sauti. Humtaja bibi kwa jina lake la ubatizo na kumwombea afya, na binti huitika amina. Tunawaomba nanyi mmkumbuke katika sala zenu.