Kaseti za Bermeo

Kuna maneno yanasemwa sana mijini mwetu, na wanaoyasema si wajinga. Eti Kiswahili kina kazi zake. Taarabu, sawa. Mashairi ya harusi na ya siasa, sawa. Hata rap, sawa kabisa, Kiswahili kimeiweza. Lakini roki? "Aa, hapo ndugu yangu utaimba Kizungu tu." Mtayarishaji mmoja wa muziki alituambia hivyo mimi na wenzangu watatu, hapa Mombasa, tulipompelekea nyimbo zetu nne. Alitupokea vizuri, akatuagizia chai. Akasema shida ni lugha yenyewe: maneno ya Kiswahili ni marefu, yote yanaishia na irabu, hayakati pamoja na gitaa la umeme. Tulitoka pale kimya. Wiki iliyofuata mwenzetu wa besi alikuwa keshaanza kuyageuza mashairi yangu kuwa ya Kiingereza, na mimi nikaanza kujiuliza kama nina haja ya kuandika tena.

Sasa, ndugu msomaji, nataka nikueleze jibu nililolipata, maana halikutoka Nairobi wala London. Lilitoka Hispania, ndani ya boksi la viatu lililokaa juu ya kabati la mjomba wangu, huko Mji wa Kale.

Mjomba alikuwa baharia. Katika miaka ya 1980 meli kubwa za Hispania za kuvua jodari zilianza kuja Bahari ya Hindi. Nyingi zilikuwa za Bermeo, mji wa wavuvi kwenye pwani ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Bandari yao kubwa huku ikawa Victoria, Shelisheli, na Mombasa nako zilikuwa zikipita. Mjomba alipanda moja, akafanya kazi miaka saba. Alichorudi nacho ni kisu cha kupasulia samaki, maumivu ya mgongo, na kaseti kama ishirini alizopewa na mabaharia wenzake, nyingi zimeandikwa majina kwa kalamu tu. Miaka ikapita hakuna aliyezigusa. Nilipoziomba alicheka. "Zichukue, mwanangu. Lakini redio yangu usije ukaniharibia."

Ya kwanza kuiweka ilikuwa ya Triana. Hawa walikuwa vijana watatu wa Sevilla, kusini mwa Hispania, walioanza mwaka 1974: Jesús de la Rosa aliimba na kupiga kinanda, Eduardo Rodríguez alipiga gitaa, na Juan José Palacios alikuwa kwenye dramu. Triana ni jina la mtaa wa Sevilla ulio ng'ambo ya mto, mtaa wenye sifa ya waimbaji wa flamenko. Albamu yao ya kwanza, El Patio, ilitoka 1975, na wimbo unaoifungua unakaribia dakika kumi. Hii ndiyo roki inayoitwa ya progresivu. Wimbo hauna haraka. Unabadili mwendo katikati, kinanda kinashika njia yake, gitaa linajibu, halafu sauti inarudi ukiwa umeshaisahau. Vijana wa Hispania waliisikia kwanza kwa Waingereza, King Crimson na Pink Floyd na wengineo. Lakini Triana hawakuimba Kiingereza, na hawakuimba kama Waingereza. De la Rosa huishika irabu moja, akaivuta, akaizungusha, akaipandisha na kuishusha kabla ya kuiachia.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Irabu zinazovutwa namna ile nimezisikia tangu utotoni, harusini, usiku, wapigaji wakisubiri mwimbaji ashuke. Na hizo ndizo irabu nilizoambiwa zinaharibu roki!

Ujamaa ule haukuja kwa bahati. Waislamu walitawala sehemu za Hispania kuanzia mwaka 711 hadi 1492, na Kiarabu kimebaki katika Kihispania kama kilivyobaki kwetu. Sukari kwao ni azúcar. Kadhi wetu, kwao amekuwa alcalde, yaani meya wa mji. Diwani wetu na aduana yao, ambayo ni forodha, asili yake neno moja. Udi tunaoupiga kwenye taarabu ndio laúd yao. Mto unaopita Sevilla, Guadalquivir, ni al-wadi al-kabir, basi tu ulimi umeuzungusha. Kundi jingine la roki, la Córdoba, lilijiita Medina Azahara, jina la mji wa kasri uliojengwa na khalifa wa huko katika karne ya 10. Vijana hawa walichukua umeme kwa Waingereza wakaenda nao mpaka kwenye magofu ya kwao.

Nikaendelea na boksi. Kaseti ya tano ikanipoteza. Juu yake imeandikwa neno moja tu: Itoiz. Kinanda laini, filimbi, gitaa, sauti ya kijana asiyepiga kelele. Nilitega sikio nipate japo neno moja la Kihispania katika yale machache ninayoyajua. Wapi!

"Mjomba, Kihispania gani hiki?"

"Hicho si Kihispania, mwanangu. Hicho Kibaski. Wakitaka sisi wengine tusiwaelewe, hata Wahispania wenzao wasiwaelewe, ndicho wanachosema."

Basi nikaanza kusoma. Kibaski ni lugha isiyo na ndugu. Wataalamu hawajaipatia jamaa yeyote duniani. Wanaoizungumza hawafiki milioni moja, wengine wako Hispania, wengine upande wa Ufaransa. Chini ya utawala wa Franco, kuanzia 1939 hadi alipokufa tarehe 20 Novemba 1975, lugha hiyo ilifukuzwa shuleni na maofisini, na nyimbo zilipita kwa wakaguzi wa serikali. Mtoto wa Bilbao angeweza kukua bila kuijua lugha ya nyanya yake. Gabriel Aresti alikuwa mtoto wa namna hiyo. Alizaliwa Bilbao mwaka 1933, akajifunza Kibaski mwenyewe, na ndiye akawa mmoja wa washairi wao wakubwa wa karne ile. Kundi la Oskorri, lililoanza 1971 na kuaga jukwaa 2015, liliitoa albamu yake ya kwanza kwa mashairi ya Aresti. Nilipolisoma hili nililisoma mara mbili. Mtu wa mjini aliyejifunza lugha mwenyewe ndiye aliyeipa mashairi mapya!

Kabla ya roki kulikuwa na watu wa Ez Dok Amairu, kundi la waimbaji na washairi lililofanya kazi kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi 1972. Jina lake maana yake "hakuna kumi na tatu", yaani nuksi imekwisha. Humo alikuwamo Mikel Laboa, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa akiimba na gitaa lake, aliyefariki mwaka 2008. Humo walikuwamo pia ndugu wawili wa ukoo wa Artze, waliopiga txalaparta. Hiyo ni mbao iliyolazwa, watu wawili wanaipiga kwa vijiti, mmoja akiziba nafasi aliyoiacha mwenzake. Umewahi kuona watu wawili wakitwanga kinu kimoja bila michi kugongana? Ndiyo hiyo. Na kwa kweli Wabaski wenyewe waliipiga walipokwisha kuponda tufaha za kutengenezea kinywaji chao. Chombo cha uani, kilichokaribia kusahauliwa, kikapandishwa jukwaani na vijana.

Baada ya Franco mlango ukafunguka. Mwaka 1977 ikatoka albamu ya Haizea, maana yake "upepo", na sauti ya Amaia Zubiria. Mwaka 1979 wakatoa Hontz Gaua, "usiku wa bundi", yenye wimbo wa zaidi ya dakika kumi ambao sikuthubutu kuusikiliza peke yangu mara ya kwanza. Bundi kwetu si ndege wa kuchezea. Upande wa Ufaransa kulikuwa na Errobi, walioitwa kwa jina la mto wao. Walitoa Gure Lekukotasuna, "ushuhuda wetu", mwaka 1977, na Ametsaren Bidea, "njia ya ndoto", mwaka 1979. Itoiz walitoka Mutriku na Ondarroa, miji ya wavuvi kama Bermeo. Albamu yao ya kwanza ni ya 1978, na Ezekiel ni ya 1980.

Tazama maneno hayo: lekukotasuna, ametsaren. Ni marefu! Kibaski hupachika viambishi nyuma ya neno kama sisi tunavyopachika mbele. Kama urefu wa neno ungezuia gitaa, Errobi wasingetoa hata wimbo mmoja. Walichofanya ni kuuacha wimbo uufuate mwendo wa lugha. Ndiyo maana zile dakika kumi hazichoshi, lugha imepewa nafasi ya kupumua.

Nilimuuliza mjomba kwa nini wale watu walimpa kaseti zote zile, na yeye hakijui Kibaski. Alikaa kidogo, halafu akasema:

"Usiku kazi ikiisha walikuwa wakikaa nyuma ya meli wakiimba. Mpishi, mtu wa Ondarroa, akaniambia, haya na wewe tuimbie ya kwenu. Wajua niliwaimbia nini? Jim Reeves." Akatikisa kichwa. "Yule mpishi akaniuliza, hiyo ndiyo ya kwenu? Wee! Sikuwa na la kusema. Na mimi nimezaliwa nyumba ya watu wa nyimbo. Mama yangu akiimba vugo mpaka alfajiri."

"Ikawaje?"

"Usiku wa pili nikawaimbia za mama. Hapo ndipo walipoanza kunipa kaseti."

Mjomba hakusema kwamba Jim Reeves ni mbaya, na mimi sisemi. Anampenda hadi leo. Lakini alijua swali la mpishi lilikuwa halali, akaenda akalitafutia jibu.

Liko jambo moja la Wabaski linalotuhusu sisi waandishi zaidi ya wanamuziki. Kibaski kilikuwa na lahaja nyingi, na mwaka 1968 chuo chao cha lugha kilikutana Arantzazu kuweka Kibaski sanifu. Waligombana sana, hata juu ya herufi h peke yake. Sisi nasi usanifu wetu ulianzia hapahapa Mombasa, katika mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja, na kamati ya kuusimamia ikaundwa 1930 chini ya wakoloni. Wao walibishana wenyewe kwa wenyewe, sisi tuliamuliwa. Bibi yangu husema "mato", kitabu cha shule kinataka "macho". Nimekua nikiamini kwamba la bibi ni la nyumbani na la kitabu ndilo la kuandika. Waimbaji wa Kibaski wamenionyesha kwamba mtu anaweza kutumia sanifu ili asikike mbali, na bado akaingiza neno la bandari ya kwao pale linapohitajika. Lahaja haimkatazi mtu kuwa wa kisasa.

Nisije nikaonekana nimepumbazwa. Nyimbo nyingine humo ni ndefu kuliko haja yake, na kuna mahali kinanda kinajisifu tu. Wala makundi yale hayakudumu yote. Itoiz walibadili muziki wao miaka ya 1980, wakavunjika 1988. Na Triana walimalizika kwa msiba. Agosti 1983 mafuriko makubwa yaliipiga nchi ya Wabaski. Mwezi Oktoba De la Rosa alisafiri kutoka kusini mpaka San Sebastián kuimba katika onyesho la kuwachangia waathirika. Njiani akirudi, karibu na Burgos, gari lake lilipata ajali, akafariki. Alikuwa na miaka 35. Mtu wa kusini alikwenda kuwaimbia wa kaskazini kwa lafudhi ya kwao Sevilla, na walimwelewa. Mtu anayesema kwamba kuishika lugha yako ni kujifungia ndani na asome habari hiyo.

Sasa nyimbo zetu nne zimerudi kuwa za Kiswahili. Mmoja umegeuka, mna "mato" ndani yake, na mwenzetu wa besi, ambaye kwao ni Kakamega, bado analalamika kwamba watu wa bara hawatalielewa. Huenda ana haki. Tunabishana kila Jumamosi, na napenda tubishane, maana angalau sasa tunabishania maneno yetu. Mtayarishaji hatujamrudia. Tutamrudia siku tukiwa na kitu cha kumsikilizisha.

Nanyi vijana wenzangu mnaoandika mashairi kwenye madaftari na simu, mkiambiwa lugha yenu haiwezi kazi fulani, msijibu kwa hasira. Ipeni hiyo kazi, muone. Redio ya mjomba haihitajiki, kwani nyingi ya nyimbo hizi siku hizi zinasikika kwa simu. Anzeni na El Patio. Kisha Ezekiel. Hontz Gaua iwekeni usiku, mkiwa zaidi ya mmoja. Halafu kaeni chini muandike.