Pilipili Juu ya Embe Katika Nchi ya Ndizi

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Narok, Bomet na Sotik hutambua kwamba ameingia nchi ya Abagusii hata kabla hajasoma kibao chochote. Vilima hupandana, majani-chai hutanda pande zote za barabara, na nyuma ya kila nyumba imesimama migomba. Gari linapokaribia Keroka, mji ambao upande wake mmoja uko Kaunti ya Kisii na wa pili Kaunti ya Nyamira, akina mama na vijana hulizingira kabla halijasimama vizuri. Chane za ndizi huinuliwa hadi madirishani, na abiria asiyenunua huonekana mgeni kweli kweli.

Hata hivyo, ukifika mjini Kisii na kutembea kuelekea soko la Daraja Mbili, utakuta biashara ya namna nyingine. Kijana amesimama kando ya toroli lake. Mbele yake kuna maembe yaliyomenywa, mananasi yaliyochongwa, vipande vya tikiti, na kopo mbili zenye vifuniko vilivyotobolewa. Huchukua embe, hulichanja likafunuka mithili ya ua, kisha huuliza swali ambalo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii wamelizoea: "Niweke pilipili, kastoma?" Ukiitikia, hunyunyiza chumvi kutoka kopo moja na pilipili ya unga kutoka la pili. Unauma, ulimi unawaka, macho yanalenga machozi, nawe unataka tena.

Embe limetoka mbali

Embe hilo si mwenyeji. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Mwembe hupenda joto na kipindi cha ukavu ili utoe maua mazuri, ndiyo sababu maembe mengi ya Kenya hutoka Makueni, Machakos, Kilifi na Tana River. Ili yasipondeke safarini, huchunwa yangali magumu. Embe la aina hiyo huwa na uchachu mwingi kuliko utamu, na hapo ndipo chumvi na pilipili hupata kazi.

Chumvi kidogo hupunguza ukali na uchungu ulimini, na utamu uliojificha ukajitokeza. Pilipili nayo si ladha hasa. Kemikali yake huamsha mishipa ile ile ya fahamu inayotujulisha kwamba kitu ni cha moto. Kwa kuwa kemikali hiyo haiyeyuki vizuri katika maji, aliyezidiwa hupata nafuu kwa maziwa kuliko kwa kugugumia maji.

Desturi yenyewe tumeipata Pwani. Watoto wa Mombasa wamekula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili vizazi na vizazi, na ufundi huo umepanda bara pamoja na malori. Wala pilipili si mzaliwa wa Pwani. Asili yake ni Amerika, na Wareno ndio wanaotajwa kuileta pande zetu karne ya 16. Nanasi, papai na ovakado pia asili yake ni huko huko Amerika, ilhali embe na ndizi zilitoka Asia. Toroli dogo la Kisii limekusanya dunia nzima!

Ndizi ya kuvundika

Sasa rudi kwenye ndizi ya mwenyeji. Nyumbani kwa Mgusii mkungu hukatwa ukiwa umekomaa, ukavundikwa kwa kufunikwa majani makavu ya mgomba mahali penye joto. Ndizi inayoiva hutoa hewa iitwayo ethilini, nayo hewa hiyo huziivisha zilizo jirani. Ndiyo maana mama akitaka kuharakisha huweka ndizi moja iliyoiva katikati ya zile mbichi. Baada ya siku chache wanga hugeuka sukari, harufu hujaa nyumbani, na hakuna anayekumbuka chumvi wala pilipili.

Wako wafanyabiashara wasio na subira ya siku hizo. Katika miji mingi ya Afrika na Asia matunda huivishwa kwa kabaidi, kemikali ya kuchomelea vyuma. Ganda hugeuka njano upesi, lakini ndani ndizi hubaki ngumu na isiyo na utamu, na kabaidi ya viwandani huweza kuwa na mabaki ya sumu ya aseniki. Pilipili ya kijana wa toroli unaiona na unaweza kuikataa, kabaidi hufichwa.

Fedha ziko kwenye kisu

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndizi ya Kisii hujiuza, lakini mara nyingi kwa bei ya kumwonea mkulima. Dalali huja shambani, hukadiria mkungu kwa macho bila mizani, hulipa na kuondoka. Mwenye toroli hufanya hesabu nyingine. Tuseme amenunua embe kwa shilingi 20, akalikata vipande vinne na kuuza kila kimoja shilingi 10. Kisu, chumvi na pilipili vimeongeza bei yake maradufu.

Hesabu hiyo ina uzito katika eneo hili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Katika Kisii wanaishi zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, na shamba la babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Karo haiwezi kutoka katika ardhi zaidi, kwani ardhi zaidi haipo. Lazima itoke katika kila mkungu. Ndizi mbichi zilizokatwa nyembamba, zikakaangwa na kunyunyiziwa chumvi au pilipili, hukaa siku nyingi na kusafiri bila kupondeka. Ovakado la Nyamira lililokamuliwa ndimu na kutiwa chumvi lingeuzwa kituo cha magari kama embe linavyouzwa. Ufundi anao kijana wa toroli. Mkulima anaweza kuuazima.

Kabla ya kuuma

Kwa familia inayozuru, jambo moja lisisahaulike: pilipili haiui vijidudu. Tunda lililokatwa asubuhi na kuachwa wazi huvuta vumbi na nzi, na maji machafu ya kuoshea kisu huweza kuleta kuhara, hata kipindupindu. Nunua linalokatwa mbele yako. Tazama kisu, maji na mikono. Muuza vyakula anatakiwa kisheria kuwa amepimwa afya, na si utovu wa adabu kumwuliza kama anacho cheti.

Mkiondoka, pitieni tena Keroka mkanunue chane mbili: moja iliyoiva ya kula njiani, na nyingine mbichi ya kuvundika nyumbani Nairobi. Siku itakapoiva, wapeni watoto bila kuongeza kitu, kisha waulizeni ipi tamu zaidi, hiyo au embe la pilipili. Majibu hayatafanana, lakini angalau watakuwa wameonja tunda lililoivishwa na muda peke yake.