Much Wenlock: Mji Mdogo Usiosahau Wanamichezo Wake

Mwezi wa Julai, tulipokuwa ugenini kwa jamaa zetu wa Birmingham, Uingereza, mwenyeji wetu alituuliza tungependa kutembezwa wapi. Watoto walitaka London. Bibi yetu, ambaye magoti yake hayastahimili tena vishindo vya miji mikubwa, aliomba mahali penye utulivu. Rai ya Bibi ndiyo iliyopita, tukapelekwa Much Wenlock, katika jimbo la Shropshire.

Ni mji wa wakaazi wapatao elfu tatu. Njia zake ni nyembamba, nyumba zake kongwe zina boriti nyeusi zilizojitokeza ukutani, na pembeni yapo magofu ya nyumba ya watawa yaliyotukumbusha Gede. Lakini kinachowavuta wageni hapo ni jumba dogo la makumbusho linalosimulia historia ya michezo.

Habari yenyewe ni ya tabibu mmoja, Dakta William Penny Brookes, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1809. Mwaka 1841 alianzisha jumuiya ya kusomea vitabu kwa ajili ya wakulima na vibarua. Kisha, akiamini kwamba akili na mwili havitengani, mwaka 1850 aliasisi mashindano ya michezo aliyoyaita ya Olimpiki: mbio, kuruka, kriketi na mpira. Yalikuwamo pia ya kuchekesha, kama mbio za kusukuma mikokoteni kwa macho yaliyofungwa, na mbio za bibi vizee ambazo tuzo yake ilikuwa ratili moja ya majani ya chai. Hapo Bibi alicheka hata akashika ukuta.

Mwaka 1890 Mfaransa Pierre de Coubertin alifika kujionea michezo hiyo, akapanda mti wa mwaloni uwanjani. Miaka minne baadaye aliunda Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Dakta Brookes, aliyekuwa amelipigania jambo hilo kwa miaka mingi, alifariki Desemba 1895, miezi minne tu kabla ya Michezo ya Athens ya 1896. Hakuiona. Lakini watu wa mji wake hawakumwacha apotee. Mashindano yake yanafanyika hadi leo kila mwaka, na Olimpiki ya London ya 2012, ile ambayo David Rudisha wetu alivunja rekodi ya dunia ya mita 800, ilikuwa na mwanasesere wake rasmi aliyeitwa Wenlock.

Mbele ya kabati la vioo lenye medali kuukuu, Bibi alisimama kitambo bila ya kusema neno. Hatimaye akauliza kwa sauti ya chini, "Na ya babu yenu ilikwenda wapi?"

Hakuna aliyemjibu, ingawa wakubwa sote tulijua. Marehemu Babu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mchezaji mpira Mombasa zama za ujana wake. Medali yake na picha za timu yake zilikaa miaka mingi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Nyumba ilipopakwa rangi baada ya kufa kwake, sanduku lile lilichukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu. Sisi ndio tuliomwita.

Tulitoka, tukasali adhuhuri kwenye nyasi za uwanja, kisha tukaingia garini. Ndipo mjukuu mdogo alipouliza, "Bibi, Babu alicheza nambari ngapi?" Bibi akaanza kusimulia. Alieleza alivyokuwa akiipiga jezi kwa pasi ya makaa usiku wa kuamkia mechi, na jinsi Babu alivyokuwa hali chakula mpaka mchezo umalizike. Tuliyaandika maneno yake nyuma ya karatasi tuliyopewa makumbusho, hata nafasi ikatuishia kabla hatujafika Birmingham.

Sasa tumerejea nyumbani, na karatasi ile imegeuka daftari. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, mmoja wetu huandika na Bibi husimulia. Katika wachezaji kumi na mmoja wa timu ya Babu, ameshakumbuka majina saba. Manne bado, na wazee wa kuwauliza wanazidi kupungua.

Medali haitarudi. Lakini katika nyumba nyingi za mwambao wetu yapo masanduku kama lile, chini ya vitanda na juu ya makabati. Tunamwomba msomaji, kabla hajamwita mnunuzi wa vyuma, kwanza alifungue sanduku, kisha amwite mzee wa nyumba akae karibu yake.