Daftari la Mkweche

Ninyi wenzangu wa mjini mna neno moja tu kwa gari lolote lililozidi umri wenu: mkweche. Sawa, nami nitalitumia, sina ugomvi. Mkweche wetu ni Land Rover 109 ya mwaka 1968, na unalala chini ya mparachichi nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Tarime. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Umri wake unaweza kuukisia kwa taa. Za mbele zimekaa karibukaribu, kandokando ya rejeta, kama macho ya mtu asiyekuamini. Matoleo yaliyofuata taa zilihamishiwa kwenye madigadi, gari likapata sura ya kistaarabu zaidi. Letu lilibaki na sura yake ya kushuku watu.

Najua kuna watu duniani wanaotunza magari ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, Ford na Austin za miaka ya 1930, wanayapangusa kwa kitambaa laini na kuyatoa nje Jumapili tu. Magari ya enzi hizo yalifika hata kwetu. Miaka ya 1920 wawindaji wa Kizungu waliingia nayo mbuga ya Serengeti, wakawa wanapiga simba hukohuko garini walikoketi, mpaka mwindaji mwenzao, Denys Finch Hatton, akaona aibu na kuwashitaki kwenye gazeti la The Times la London. Na kabla ya hao alikuwepo Mjerumani Paul Graetz, aliyeondoka Dar es Salaam kwa gari Agosti 1907 akafika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, Mei 1909. Karibu miaka miwili! Mtu wa Noah anayelalamika kwamba Tarime hadi Mwanza ni mbali namwambia habari za Graetz. Ila magari yenyewe ya wakati huo sijakutana hata na moja, si Tarime wala Mugumu. Kwetu sisi ukisema gari la kale umesema 109.

Na hata huyu ni mtoto wa vita, ukitaka kujua. Land Rover zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa kinatolewa kwa mgawo, ndipo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Kwa hiyo bodi ya mkweche haishiki kutu. Utaipiga, itabonyea, utaigonga kwa nyundo itarudi. Chesisi ndiyo ya chuma, na chesisi ndiyo inayotuua. Inaoza kwa ndani, kimyakimya, huku mwenye gari akisifiwa bodi.

Baba alilinunua mnadani mwaka 1986, likiwa limeshachoka. Akalitia mabenchi mawili nyuma, ya kutazamana, akaanza kubeba watu: Tarime, Nyamwaga, Nyamongo, na siku nyingine kuvuka Mto Mara hadi Mugumu. Ule mgodi mkubwa wa North Mara haukuwa umeanza. Ulianza uzalishaji mwaka 2002. Aliobeba Baba walikuwa wachimbaji wadogo na sururu zao, wakulima wa kahawa, akina mama wa ndizi, mbuzi chini ya miguu ya watu. Masika yakianza magari mengine yalikaa nyumbani. Lake ndilo lilikwenda.

Kaka yangu alipelekwa shule ya bweni. Mimi nilibaki na tochi.

Maana yake ni hii: Baba alitengeneza gari usiku, baada ya safari, na mtu wa kummulikia alikuwa mimi. Nilianza nikiwa na miaka minane. Tochi ikiyumba ananiambia, "Mulika mkono wangu, usimulike uso wangu, uso naujua." Kwa namna hiyo nilijifunza kabureta kabla ya kujifunza kugawanya kwa desimali. Nilijua pointi za distribyuta zikiungua gari linakohoa, na kwamba unazisugua kwa msasa mwembamba kisha unapima mwanya wake. Nilijua kifundo cha gurudumu la mbele, ule mpira wa chuma uliojaa oili, hakiachi kuvuja, unapunguza tu. Baba alikuwa na msemo wake kwamba ukikuta pakavu chini ya Land Rover, fungua boneti haraka, oili imekwisha.

Na alikuwa akiandika. Kila tengenezo, kila safari yenye faida au hasara, kwenye daftari kubwa la jalada gumu, mwandiko wa mtu wa darasa la saba. "Springi kushoto nyuma, jani la pili limekatika. Gunia 9 mahindi, Mugumu. Deni la fundi bado." Nyinyi mnaotafuta hadithi mpaka mnaumwa kichwa, mngepewa ukurasa mmoja tu wa lile daftari.

Baba alifariki mwaka 2019. Gari lilikaa chini ya mparachichi miezi saba, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva. Nililifufua mimi pamoja na fundi wake wa siku zote, mzee ambaye sasa macho yanampotea, anagusa boliti kwa kidole kabla ya kuchagua spana. Yeye anatambua ugonjwa kwa mlio. Ananiambia, "Mwanangu, liwashe, halafu nyamaza." Anasimama kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza mgeni mlangoni. Halafu anasema: valvu ya pili. Na ni ya pili.

Sasa niwaeleze raha yake, maana mtadhani ni taabu tupu.

Gia ya kwanza na ya pili hazina kitu cha kuzisaidia kuingiliana. Usipojua, zinalia mpaka watu wa sokoni wanageuka. Ukitaka kurudi kutoka ya tatu kwenda ya pili, unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta kidogo tu injini ipande, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukiipatia, rungu la gia linajiendea lenyewe, laini, kama limekuwa likikungoja. Sijui kitu kingine maishani mwangu kinachonipa jibu la haraka hivyo. Usukani una chezea kubwa. Hulielekezi gari, unalipa ushauri. Mwendo wake ni kilometa 60 kwa saa, zikifika 70 kila mtu ndani anaanza kusali kwa dini yake.

Halafu chini ya kioo cha mbele kuna vidirisha viwili vya bati. Unavifungua kwa mkono. Ukitoka Tarime asubuhi, baridi ya mlimani inaingia na harufu ya migomba na moshi wa jikoni. Unashuka, unashuka, hewa inabadilika, joto linapanda kutoka bonde la Mto Mara. Ukivuka daraja ukaingia wilaya ya Serengeti, harufu ni ya majani makavu na ng'ombe. Bila kutazama nje najua nilipofika. Kwenye Noah ya viyoyozi utajuaje?

Tatizo maarufu la gari hili ni hafu shafti, vile vyuma viwili vinavyozungusha magurudumu ya nyuma. Siku moja mwaka 2022, narudi kutoka Mugumu na abiria sita na magunia ya ulezi, napanda mlima baada ya daraja, nikasikia "tak!" Injini inanguruma, gari limesimama, linaanza kurudi nyuma. Breki, mawe chini ya matairi, abiria wote nje. Mwanamume mmoja akaanza kusema alijua tu, gari la kuendeshwa na msichana. Sikumjibu. Lile shafti likikatika, magurudumu ya nyuma hayavuti tena, lakini ya mbele yana mashafti yake. Nikabonyeza kile kitasa cha manjano kinachounganisha magurudumu ya mbele, nikaingiza gia ya kwanza, mkweche ukapanda mlima ukivutwa kwa pua. Tulifika Nyamongo giza limeingia. Yule mwanamume alilipa nauli yake yote, na akaongeza ya soda.

Jambo linaloninyima usingizi si mashafti. Ni ukoo.

Mwaka jana alikuja mnunuzi kutoka Arusha, mmoja wa hawa wanaozifufua Land Rover za zamani kwa ajili ya watalii. Siku hizi zina soko. Oktoba 2024 zilikusanyika Arusha kwa mamia, kuukuu kwa mpya, watu wakazishangilia kama timu ya mpira. Mnunuzi akazunguka gari letu mara mbili, akataja bei. Baba Mdogo akaipigia hesabu papo hapo kwa namna ya kwetu: ng'ombe kumi wazuri. Mkurya akishaona ng'ombe kumi, gari limeshaondoka.

Kikao kikaitwa. Kaka akaja kutoka Mwanza na viatu vyake vya kung'aa. Hoja zilikuwa mbili: gari ni mali ya ukoo, na mimi nitaolewa, je, nitaondoka nalo? Pia barabara ya Mugumu, kilometa kama 87, inajengwa kwa lami. Ikikamilika, nani atapanda mkweche wakati michomoko inapita kama mshale? Hoja hii ya pili ina nguvu, siwezi kuikataa. Ya kwanza niliijibu kwa daftari. Nililifungua mbele yao nikasoma, pole pole, nikiinamisha macho kwa heshima: "Januari 1998. Safari 11. Ada ya kijana, yote." "Julai 1998. Safari 14, injini imefunguliwa. Ada ya kijana, nusu. Nusu mkopo." Nilisoma kurasa nne. Kaka alikuwa akitazama viatu vyake.

"Karatasi haziendeshi gari," Baba Mdogo akasema. Lakini hakusema kwa sauti ile ya mwanzo. Mama, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu chai iletwe, akauliza ng'ombe kumi watakunywa maji ya nani kiangazi hiki. Wakaniachia hadi baada ya mavuno. Masharti: bima, leseni na kuchomelea chesisi, vyote vitoke mfukoni mwa gari lenyewe, na hesabu niandike.

Naandika. Mwezi huu safari tisa, sita za ndizi kwenda Mugumu. Boriti ya nyuma ya chesisi imeliwa na kutu kiasi cha kupitisha kidole. Mchomeleaji anataka nusu ya fedha kwanza, nami ninazo robo. Fundi anasema boriti itavumilia safari nne, tano nikiacha kupakia kama mwendawazimu.

Kaka aliondoka siku ya tatu baada ya kikao. Asubuhi ile, begi lake likiwa tayari garini, aliomba aendeshe yeye mpaka stendi. Nikampa ufunguo nikakaa upande wa pili. Ya kwanza aliipata. Tulipofika kwenye mteremko akataka kurudisha ya pili, gia ikalia, kuku wa jirani wakatawanyika. Akajaribu tena, ikalia zaidi. Akasimamisha gari katikati ya njia, jasho linamtoka.

"Ile klachi," akasema bila kunitazama, "alikuwa anaikanyaga mara ngapi?"

"Mara mbili," nikamwambia. "Katikati unagusa mafuta. Kidogo tu."