Mpini wa Ufito wa Baba Mkubwa

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za ngeli, za mashairi na za tafsiri, na huenda msomaji akashangaa kutuona leo tukibisha hodi na ufito wa kuvulia samaki, tena ufito wa bei ndogo, ambao mpini wake umetengenezwa upya kwa kandambili zilizochakaa. Twaomba atuvumilie. Habari hii ni ya mkono wa mtu. Na kwa kuwa sisi ni walimu, tusioweza kukaa na kitu bila kukiuliza jina lake, ina fungu lake la msamiati pia.

Baba Mkubwa, aliyetulea, anakaa Rumonge, katika ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mji wa mawese na dagaa. Kazi yake tangu ujana ilikuwa ushoni. Uvuvi wa riziki aliwaachia wenyewe, wale watokao usiku na taa na nyavu kutafuta ndagala na mukeke katika maji ambayo kina chake, mahali palipo na kina kirefu kuliko pote, hufika mita 1,470 hivi. Yeye alikaa ufuoni jioni, akafunga mshipi kwenye ncha ya mwanzi, akatia chambo, akangoja ngege. Kwake kuvua kulikuwa kuyapumzisha macho yaliyochoshwa na tundu la sindano. Sisi tulikaa ubavuni pake tukiwa watoto, na twadhani subira yote tuliyo nayo mbele ya darasa la wanafunzi sitini tuliipata pale.

Kisha akapatwa na kiharusi. Mguu wa kulia ulirudi, ingawa kwa msaada wa bakora. Mkono wa kulia ulirudi nusu: vidole vyajikunja lakini havifumbi. Akashindwa kushika sindano, akashindwa kushika mkasi, na kwa muda mrefu akashindwa hata kijiko. Hiki cha mwisho ndicho kilichomuudhi kuliko vyote, maana mtu aweza kuacha kazi, lakini kulishwa mbele ya wajukuu ni jambo jingine.

Mama Mkubwa ndiye aliyepata dawa ya kijiko. Aliuzungushia mpini wake vitambaa vya mabaki ya nguo mpaka ukawa mnene kama gunzi la hindi, akavishona visilegee. Baba Mkubwa akala mwenyewe siku ile ile. Mkono usioweza kufumba hauna nguvu juu ya kitu chembamba, lakini kitu kikiwa kinene, vidole hukikuta njiani kabla havijachoka. Tuliliona jambo hilo kwa macho yetu, wala halikutufunza lolote wakati ule.

Ushahidi wa ujinga wetu ni huu: likizo iliyofuata tulinunua ufito sokoni Bujumbura, tukampelekea kama zawadi. Ulikuwa wa nyuzi za kioo, vipande viwili vya kuchomeka, na kigurudumu cha kukunjia mshipi juu yake. Tuliwaza kwamba mwanzi humlazimu mtu kumnyanyua samaki kwa nguvu za mkono, ilhali kigurudumu kingemvuta samaki mpaka miguuni. Wazo lilikuwa sahihi. Mpini haukuwa sahihi. Ulikuwa mwembamba, wa sponji laini inayoteleza, kama ilivyo kawaida ya fito za bei ndogo. Zile za bei kubwa hutiwa gome la mwaloni wa Ureno na Hispania, lile litengenezwalo vizibo vya chupa. Baba Mkubwa aliupokea kwa mkono wa kulia, kwa heshima, ufito ukamponyoka, ukaanguka mchangani. Hakuuokota.

“Ufito mzuri, mwanangu,” akasema. “Mpe mtoto.”

Akageuka kulitazama ziwa. Tulilala vibaya usiku ule, na alfajiri, tulipokuwa tukinywa uji, macho yetu yakaangukia kile kijiko.

Jaribio la kwanza lilikuwa la haraka, na twalieleza ili wenzetu wasilirudie. Tulichana mpira wa ndani wa baiskeli kuwa kanda ndefu, tukauzungusha juu ya sponji tabaka kwa tabaka. Ulionekana imara. Jua la saa sita lilipoupiga, mpira ukaanza kunata na kuacha weusi kiganjani, na chini yake sponji ikabonyea, hata mpini wote ukazunguka kama kifuniko kilicholegea. Mpini unaozunguka ni mbaya kuliko mwembamba. Baba Mkubwa aliunusa, akatuuliza kama tulikuwa tukitengeneza baiskeli.

Tukaanza upya, safari hii kwa kupima kwanza. Mama Mkubwa alikanda unga wa ngano mgumu, tukauviringisha juu ya kijiti kwa unene mbalimbali, tukamwomba Mzee afumbe kila mmoja. Alidhani ni amri ya daktari, nasi hatukumsahihisha. Penye unene wa milimita 38 vidole vilishika bila kutetemeka, na alama zake zikabaki ndani ya unga: shimo la kidole gumba upande wa juu, vidole viwili vilivyozama sana, viwili vilivyogusa tu. Unga ule tuliuweka kivulini kama hati muhimu.

Kandambili tuliziokota ufuoni. Maji yalipopanda katika miaka ya 2020 yalimeza jiwe alilozoea kulikalia Mzee, lakini yamekuwa karimu kwa viatu vya mguu mmoja. Tuliziosha, tukazianika. Fundi mmoja wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa gereji zake na kwa Kiswahili chake, alikuwa ametunolea ukingo wa kipande cha bomba la chuma. Ukiweka bomba juu ya soli na kulipiga nyundo, hutoka kisahani cha mviringo. Bomba jembamba zaidi likatoboa katikati. Tundu lifanywe dogo kidogo kuliko kitako cha ufito, ili kisahani kiingie kwa kusukumwa. Visahani 24, kila kimoja unene wa milimita 15, vilitupa urefu wa sentimita 36.

Mbona urefu wote huo? Kwa sababu mkono dhaifu haufai kuachiwa kazi peke yake. Mpini ukifika karibu na kiwiko, mkono mzima kuanzia kiganja hadi kiwiko huwa mhimili, na uzito wa samaki hauangukii vidole. Ufito wenyewe haukufika huko, ila kwa kuwa ni mtupu ndani kama mwanzi, tulichonga kijiti cha mti mgumu, tukakizamisha sentimita 10 ndani yake kwa gundi na kuacha sentimita 14 nje. Sponji ya nyuma tuliivua kwa kisu, tukaukwangua ufito hadi ukawa safi, tukavisukuma visahani kutokea kitakoni, bluu na nyeupe kwa zamu.

Hapa neno juu ya gundi. Gundi ya mafundi viatu hushika papo hapo wala haikupi nafasi ya kusahihisha, nasi tuliharibu visahani vitatu kabla ya kukubali hivyo. Ifaayo ni ile ya mirija miwili inayochanganywa. Tulivikaza visahani kwa kanda za mpira wa baiskeli zilizopita kutoka kichwa hadi kitako (ule mpira ukapata kazi yake ya haki) tukaacha mchana na usiku. Kisha msasa: mkali kwanza, laini baadaye, mjukuu akiuzungusha ufito juu ya panda mbili za mti nasi tukisugua na kurudi kuutazama unga. Vumbi la bluu lilijaa uani, na kuku wakalikimbia.

Ulibaki mlingano. Ufito wenye kigurudumu chake, ukilazwa juu ya kidole kimoja, ulilalia mbele, na ufito unaolalia mbele huuchosha mkono hata kabla ya samaki. Tulipachika chubwi mbili ndani ya visahani vya mwisho, ukasimama sawa. Kekee ya kigurudumu, yaani ule mkono wa kuzungushia, tuliihamisha kutoka kulia kwenda kushoto, jambo ambalo vigurudumu vingi vya namna hii huruhusu kwa kufungua skrubu moja, ili mkono wa kulia ushike tu na ule mzima ufanye kazi.

Tulipotaja ukanda wa kuufunga mpini kwenye mkono, Mama Mkubwa alisimama mlangoni. “Mnataka samaki amvue mume wangu?” akauliza. Swali lilikuwa la haki, na sisi tulikuwa hatukulifikiria.

Aliyelijibu ni Baba Mkubwa, ambaye kwa siku nne alikuwa amekaa barazani akijifanya haoni. Alisema ukanda usifungwe fundo, utiwe kifungo, na tundu la kifungo likatwe pana kidogo, upande wa kuelekea ziwani, ili ukivutwa kwa nguvu ujifungue. Akatueleza upana wake kwa kucha ya kidole gumba cha kushoto. Tulipomaliza akatazama uzi tuliouzungusha penye mwisho wa mpini, akacheka kwa mara ya kwanza. “Uzi haumalizwi hivyo. Hapo umeupiga fundo. Fundo litakukwaruza, kisha litafunguka.” Akautwaa ufito, akauweka mapajani. Alilaza kitanzi cha uzi kando ya mpini, akazungusha mizunguko kumi juu yake kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukibana tu, akapitisha ncha ndani ya kitanzi, akakishika kitanzi kwa meno upande wa pili na kukivuta, na ile ncha ikatoweka chini ya mizunguko. Hakuna fundo lililoonekana. Ilimchukua muda mrefu sana, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Sasa lile fungu la msamiati. Sisi tulisema “mpini,” na jirani yetu, mwalimu mwenzetu, akapinga kwamba mpini ni wa jembe, wa shoka na wa kisu, vitu vya kupiga na kukata, kitu cha kushika tu, kama cha kikombe au cha mkoba, kina “mshikio.” Tulijitetea kwa kusema kwamba kijiko nacho hakipigi mtu. Mabishano yalifika mbali, hata tukaitaja Kirundi, ambamo “umuhini” ni huo huo mpini wa jembe. Baba Mkubwa, alipoulizwa, alisema kwake ule ni “mkono.” Kekee ya kigurudumu nayo ni mkono, tukamkumbusha; itakuwaje ufito mmoja una mikono miwili? Akajibu kwamba hata yeye anayo miwili, na mmoja tu ndio unaofanya kazi. Katika makala hii tumeandika “mpini” kwa ukaidi, na wenzetu walio na hoja waandike.

Jioni ya kwanza alivua kwa saa moja na nusu. Ngege mmoja alikata mshipi, na mwingine, wa kiganja kimoja, akafika mchangani. Aliporudi nyumbani alikuwa na lengelenge chini ya kidole gumba, nasi tukakumbuka msemo wa majirani zetu wa Rwanda kwamba mpini mpya huleta malengelenge. Tulitaka kuushusha pale kwa msasa. Alikataa, akisema kwamba miaka miwili mkono ule haujapata lengelenge.

Tangu hapo ametuma ujumbe mara mbili. Katika wa kwanza alilalamika kwamba bluu na nyeupe ni rangi za kitoto. Katika wa pili alitaka lile bomba la kukatia, pamoja na visahani vitatu au vinne vilivyo tayari, vya tundu dogo. Cherehani yake ni ya mkono, na kishikio cha gurudumu lake ni chembamba mno. Tumekwisha kata vinne. Kandambili za bluu zimetuishia, kwa hiyo vyote ni vyekundu.