Wiki Nane Katika Chumba cha Kompyuta cha Benki



Wapenzi wasomaji, wadogo zetu wanaosoma kompyuta hapa Kampala wametuomba mara nyingi tuwaeleze habari za mafunzo yetu ya vitendo benki, nasi tumekuwa tukikwepa. Jambo lenyewe lilitugawa. Tuliingia wawili tukiwa marafiki, na katikati ya safari zikapita siku nne hatusemezani ila salamu, kwa kuwa salamu ni haki ya Muislamu. Sasa tumekaa pamoja tukaandika. Kila palipo na ugomvi tutasema "mmoja wetu" na "mwenzake", wala hatutasema nani ni nani. Wanaotufahamu watakisia, na wengi wao watakosea.

Ilikuwa mwaka 2018. Mmoja ni mtoto wa Tanga, mwingine kazaliwa Bombo, na sote tulikuwa tumepanga chumba kimoja Kansanga, tukimaliza mwaka wa pili wa masomo. Wanafunzi wa Tanzania huyaita mafunzo haya fildi, na wa Uganda huyaita intanshipu. Kwa vyovyote vile, bila barua ya kuthibitisha kwamba umeyafanya hupati shahada. Tulipeleka maombi sehemu kumi na moja, tukapita kwenye makampuni ya simu, ofisi za serikali, hata hospitali. Jibu lilikuja moja tu, nalo la benki ya katikati ya mji. Jina lake hatulitaji.

Nyumbani habari zilipokelewa kwa namna mbili. Baba wa mmoja wetu alitangaza barazani, baada ya swala ya Alasiri, kwamba mwanawe yuko benki, na kufikia Magharibi mtaa mzima ulikuwa ukimhesabu kijana kuwa meneja. Lakini bibi alipopewa simu aliuliza swali moja tu: "Utakula chakula chao?" Hatukuwa na jibu.

Ndugu msomaji, kumbuka hali ilivyokuwa wakati ule. Kenya ilikuwa na benki zinazofuata sharia tangu 2008, na Tanzania ilikuwa na Amana Bank tangu 2011. Uganda ilirekebisha sheria yake ya mabenki mwaka 2016 ili kuruhusu benki ya Kiislamu, lakini mpaka sisi tunabisha hodi hapakuwa na hata moja iliyopewa leseni. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetaka kujifunza mifumo ya kompyuta ya kibenki Kampala aliijifunza kwenye riba, au hakujifunza.

Sote tulikuwa tunaijua hadithi iliyopokewa na Jabir bin Abdillah (R.A.), iliyomo katika Sahih Muslim, inayomtaja kwa laana mla riba, mwenye kuilipa, mwenye kuiandika na mashahidi wake wawili. Tuliisoma madrasa tukiwa wadogo, na tulipofika kwa huyo mwandishi tulikuwa tukimfikiria mzee mwenye kalamu na daftari kubwa. Hatukuwahi kufikiria kwamba huenda mwandishi akawa mtu anayeandika programu.

Idi ya mwaka ule iliangukia Ijumaa, tarehe 15 Juni. Jumatatu tarehe 18, na halua ya Idi bado mdomoni, tulipanda taksi ya asubuhi kwenda mjini. (Kwa wasomaji wa pwani: Kampala matatu huitwa taksi, na taksi huitwa spesho.) Kabla hatujaonyeshwa hata pa kukaa tulipewa karatasi ya kutia saini, kwamba hatutatoa nje jina wala hesabu ya mteja yeyote. Karatasi ile ilituliza. Amana tuliielewa.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za kupanda na kushuka ngazi. Kompyuta ya keshia haiwaki, printa inatafuna karatasi, mtu kasahau neno lake la siri kwa mara ya tatu wiki hiyo. Tulijifunza kubana ncha za waya za mtandao, na tulijifunza kwamba chumba cha seva kina baridi kuliko Kabale, hata tukawa tunabeba sweta mwezi wa Juni. Kisha tarehe 1 Julai serikali ikaanza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, na shilingi 200 kwa siku kwa kila anayefungua mitandao kama Facebook na WhatsApp. Watu waliokuwa wakituma pesa kwa simu walirudi kwenye foleni za benki. Tawi tulilopelekwa kusaidia lilikuwa na mstari mpaka nje mlangoni, nasi tulikimbia na nyaya zetu kama mabwana wakubwa. Hatukumwona mtu wa riba katika foleni ile. Tuliona walimu wakichukua mishahara na akina mama wakilipa ada za watoto.

Siku za Ijumaa mkuu wa kitengo chetu, mama mmoja Mkristo tuliyemwita Madamu kama wote walivyomwita, alituruhusu kupanda mpaka msikiti wa Old Kampala, kwa sharti kwamba muda huo ndio wa chakula chetu. Tulirudi na jasho na njaa. Kuhusu chakula, mmoja wetu alipokea kuponi za mkahawa wa benki, na mwenzake, kwa ajili ya lile swali la bibi, alinunua rolex yake barabarani kwa wiki zote nane. Hapo hatukugombana bado. Tulicheka tu.

Wiki ya tano tuliwekwa zamu ya usiku. Hapa ndipo tulipoona moyo wa benki. Matawi yakishafungwa, mfumo huanza kazi inayoitwa kufunga siku. Unapita akaunti moja baada ya nyingine, unahesabu riba ya siku hiyo moja, unaiandika, unakwenda kwenye inayofuata. Mwenye deni anaongezewa, mwenye akiba anaongezewa, na asiyelipa rejesho lake anawekewa faini ya kuchelewa. Mistari inapanda kwenye kioo kwa kasi usiyoweza kuisoma, mpaka yapata saa tisa usiku, kisha tarehe inabadilika na benki imeingia siku mpya. Kazi ya binadamu ni kukaa na kuangalia isikwame. Tulikaa tukiangalia. Mmoja wetu akasema kwa sauti ndogo, "Mwandishi ndiye huyu." Mwenzake akajibu kwamba mashine haina dhambi. "Na aliyeiandika je?" Hatukuendelea. Tuliswali Alfajiri kwenye ukumbi, juu ya makatoni ya kompyuta yaliyokunjuliwa.

Jumatatu iliyofuata Madamu akatupa kazi yetu ya kwanza ya maana. Ilikuwapo ripoti mpya ya faini za mikopo; tuchukue nakala ya data ya mwezi wa Juni, tuhesabu faini wenyewe kwa mkono, tulinganishe na ilichotoa programu. Kwa mwanafunzi kazi kama hiyo ni dhahabu, maana ndiyo inayojaza ripoti ya chuo.

Mmoja wetu akasema, "Samahani Madamu, hii siwezi," akaeleza kwa nini, akitetemeka. Madamu hakukasirika. Alimtazama kwa muda, akamwambia kuna orodha ya vifaa elfu moja na kitu vya kuhesabiwa, kila kiti na kila kibodi, kama anaona hiyo ni safi zaidi. Akaichukua.

Mwenzake akaifanya ile ya faini. Hoja yake ilikuwa kwamba yeye haandiki riba, anakagua kama wanyonge wanatozwa zaidi ya walichokubali. Usiku huo Kansanga tulirushiana maneno ambayo hatutayaandika. Mmoja aliitwa mnafiki, mwingine akaitwa mtu anayetaka wenzake wafanye kazi ili yeye abaki mtakatifu. Ndipo zikaja zile siku nne.

Ijumaa tulimwendea sheikh mmoja baada ya swala, kila mmoja akitaraji kushinda. Hakumpa ushindi yeyote. Alituuliza tunafanya nini saa kwa saa, na alishangaa kusikia habari za kufunga siku. Alitaka aelezwe mara mbili. Mwishoni alisema kutengeneza nyaya na kompyuta za makeshia hawezi kukuweka sawa na kukaa kuhesabu faini, na kwamba hiyo ya faini yeye angeiepuka. Akaongeza kwamba aliyekwisha kuianza asiache hesabu za watu nusu nusu. Kuhusu kuajiriwa baadaye alikuwa mkali zaidi: tutafute pengine.

Basi mwenzake akarudi kumalizia. Jumanne mchana alikuja na karatasi mpaka kwenye meza ya mhesabu viti, akaketi bila kukaribishwa. Akaunti 41 zilikuwa na kasoro ileile. Wote walipaswa kulipa rejesho Ijumaa tarehe 15 Juni, walilipa Jumamosi au Jumatatu, na wote wamewekewa faini. Sheria ya benki yenyewe ilisema rejesho likiangukia sikukuu linasogea mpaka siku ya kazi inayofuata, bila faini. Alikuwa ametafuta kosa kwenye programu siku nzima, halioni.

Yule wa viti aliitazama tarehe, akasema, "Hii si Idi?"

Programu haikuwa na kosa lolote. Sikukuu zote za mwaka huingizwa kwenye kalenda ya mfumo mwezi wa Januari, kuanzia Pasaka mpaka Krismasi. Idi hungojea mwezi. Mwezi ulitangazwa Alhamisi usiku, wakati wafanyakazi wameshakwenda makwao, na hapakuwa na mtu wa kuketi kwenye kompyuta kuandika kwamba kesho ni sikukuu. Milango ya matawi ilifungwa, lakini usiku wake mfumo ulifunga siku kama Ijumaa ya kawaida na kuwatoza watu faini. Humo kwenye orodha, na hili tunalisema bila kumtaja, lilikuwamo jina la mtu tuliyemfahamu, ambaye alikuwa safu moja nasi kwenye swala ya Idi wakati deni lake likihesabiwa kuwa limechelewa.

Tulikwenda kwa Madamu wote wawili. Alisoma, akanyamaza, akauliza Idi ijayo ni lini. Tukamwambia ni mwezi wa nane, na ile tarehe yake hujulikana siku kama kumi kabla. "Na ya mwakani?" Tukamwambia tutaijua usiku wake. Faini zile zilirudishwa, na tulimaliza mafunzo tarehe 10 Agosti. Katika barua zetu za chuo aliandika maneno yaleyale kwa sote wawili, mkaguzi wa faini na mhesabu viti.

Hatujakubaliana mpaka leo. Mmoja wetu anaona alifanya sawa kukataa. Mwenzake anauliza wale 41 wangerudishiwa na nani. Hakuna kati yetu aliyeajiriwa na benki ya riba, alhamdulillahi, ingawa mmoja alijaribiwa na mshahara mzuri. Benki Kuu ya Uganda ilitoa leseni ya kwanza ya benki ya Kiislamu Septemba 2023, kwa Salaam Bank, na siku ile tulipigiana simu kabla hata hatujasoma habari yote.

Madamu naye amebaki na namba zetu. Kila mwaka, jioni ya mwezi 29 Ramadhani, tukiwa bado na tende mkononi, simu ya mmoja wetu hulia. Hasalimii kwa urefu. Anauliza kama mwezi umeonekana, na akiambiwa bado, anasema hajatoka ofisini, atangoja.